Udugu wa Buli la Shaba: Siku Ovaroli Ilipofuliwa

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Saa kumi na moja alfajiri, Norsborg yote, pembezoni mwa Stockholm, ingali gizani, na sauti ile inatoka bafuni. Ndiyo iliyomwamsha Nora kwenye sofa, tukamwacha wiki jana amesimama miguu mitupu mbele ya mlango, mkono kwenye kitasa.

Leo anafungua.

Bibi Dafrosa alikuwa amepiga magoti kando ya hodhi la kuogea. Kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, brashi mkononi. Ndani ya hodhi ilielea ovaroli.

"Umeamka, mke mwenzangu?" Bibi alisema bila kugeuka. "Rudi ulale. Haya ni maji ya saba. Ya kwanza yalitoka meusi kama lami. Sasa tazama, unaweza kumpa mgeni anywe."

Nora alitaka kupiga kelele. Akakaa juu ya kifuniko cha choo kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Bibi. Hiyo haifuliwi."

"Hakuna nguo isiyofuliwa."

"Hiyo haijafuliwa tangu mwaka sabini na sita!"

"Hilo nimeliona," alisema Bibi kwa upole. "Ulikuwa umeificha nyuma ya mlango. Nikasema maskini, mtoto anasoma mpaka hapati nafasi ya kufua, na anaona haya kuniambia. Ningeipeleka kwenye chumba cha kufulia kule chini, lakini juzi nilifua kwenye saa aliyopangiwa jirani, nikabandikiwa barua yenye alama tatu za mshangao. Sitaki ugomvi na watu."

Nora akafunika uso kwa mikono miwili.

Msomaji uliyeingia leo, usione mtoto huyu analilia nguo. Analilia chumba.

Chuoni kwao kuna chama cha wanafunzi kinachoitwa Udugu wa Buli la Shaba. Kina miaka hamsini, kina ibara mia moja na kumi na nne, na kina nyumba ya manjano karibu na ziwa. Ndani ya nyumba hiyo chumba kimoja ki wazi. Stockholm vijana wanazeeka kwenye foleni ya vyumba, lakini anayekubaliwa na Udugu hupewa ufunguo siku ileile.

Nora ana miaka kumi na tisa. Kila siku anapoteza saa mbili kwenye treni nyekundu, kwenda na kurudi. Na tangu Bibi yake alipofika kutoka Bukoba kuwatembelea, amemwachia kitanda chake na kumwambia kwamba yeye hupenda sofa, ni laini. Sofa ile si laini.

Basi kwa wiki sita mtoto amevumilia. Ametembea kinyumenyume mpaka maktaba. Amelea yai bichi siku kumi na kulipatia jina. Kila Alhamisi amepanda juu ya meza ya chakula akaisifu supu ya njegere kwa wimbo, na supu ikapoa. Jaribio la mwisho lilikuwa kulitunza Vazi la Mwasisi, yaani ovaroli ile, kwa siku saba, kisha kulirudisha kama alivyolipokea, na uchafu wake na harufu yake yote.

Siku ya kulirudisha ni Jumamosi, saa sita mchana.

Leo ni Jumamosi.

Nora aliruka kutoka pale chooni, akakimbilia jikoni. Akachukua haradali. Akachukua kahawa iliyolala. Akang'oa ua la mama yake kwenye chungu apate udongo. Alikuwa ameishika ile haradali juu ya ovaroli, tayari kuikamua, mlango wa nje ulipofunguliwa.

Aliingia mama yake, Brigitha, muuguzi, anatoka zamu. Alimwona mama yake mzazi amepiga magoti bafuni. Alimwona mwanawe na haradali. Aliliona ua lake sakafuni.

"Vad gör ni?" aliuliza, yaani mnafanya nini, maana uchovu ulikuwa umemsahaulisha Kiswahili.

Nora akaificha haradali mgongoni.

"Mimi naenda kulala," alisema Brigitha, akaenda kulala.

Bibi akamnyang'anya Nora haradali taratibu. "Mjukuu wangu, uchafu wa miaka hamsini huwezi kuupika asubuhi moja. Wenzako waliuweka akiba."

"Basi nitasema nimeibiwa."

"Hutasema hivyo. Aliyekosa ni mimi. Nitakwenda mwenyewe kuomba radhi."

"Huwezi, Bibi! Ibara ya arobaini inasema mgeni haingii."

"Siendi kama mgeni. Naenda kama mkosaji. Mkosaji ana mlango wake." Akaikamua ovaroli kwa mikono yake miwili mpaka tone la mwisho. "Tena kuna jambo. Hapa kwenye kola, uchafu ulipotoka, nimeona pana..."

"Bibi, nakuomba! Usiniambie kitu kingine chochote!"

"Haya. Nimenyamaza."

Akaianika juu ya bomba la joto. Kisha akatoa kikaango cha vitumbua alichokuja nacho kutoka Bukoba ndani ya sanduku, kimefungwa kwenye sweta, akawasha jiko. Kwao huendi kuomba radhi mikono mitupu.

*

Saa sita kasoro dakika tano walisimama mbele ya nyumba ya manjano. Nora alikuwa na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Bibi alikuwa na kapu.

Mlango ulifunguliwa na Kiprono, Katibu wa Udugu. Kijana mrefu, mkazi wa kitongoji cha Upplands Väsby, mtoto wa Wakenya. Alivaa koti jeusi lenye mkia, kama mbayuwayu, na utepe wa kijani begani. Kwa miaka miwili Kiprono amewaapia wenzake kwamba Kiswahili hajui hata salamu.

Bibi alimtazama juu mpaka chini.

"Hujambo, mwanangu."

"Shikamoo, Bibi," alisema Kiprono.

Lilimtoka lenyewe. Ndani ya nyumba vichwa kumi viligeuka.

"Marahaba. Mama yako amekulea."

Kiprono akainama, akamfungulia Bibi kamba za viatu vyake vya baridi, akavipanga ukutani vikitazama mlango, ili asihangaike wakati wa kutoka. Katika zile ibara mia na kumi na nne hakuna inayoagiza hivyo. Nimeona tuliseme, maana baadaye mambo yalichafuka.

Ukumbini walisimama wengine, wote na makoti ya mbayuwayu. Mbele yao alikuwa Felicia, Mkuu wa Buli, msichana wa mwaka wa tatu mwenye nywele zilizobanwa mpaka nyusi zikapanda. Kifuani alikuwa na nishani kumi na saba, na mojawapo ilikuwa kifuniko cha chupa ya soda. Kwa kuwa nchi hii hakuna anayekanyaga sakafu ya nyumba na viatu, mtukufu huyu naye alisimama kwa soksi. Ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia.

"Mgeni haruhusiwi kuingia," alisema Felicia kwa Kiswidi.

"Anasemaje?" aliuliza Bibi.

Kiprono alimtazama Mkuu wake. Akamtazama Bibi.

"Anasema karibu."

"Asante sana," alisema Bibi, akaingia, akakaa.

Wakasubiri aseme. Hakusema. Akaweka kapu miguuni, akakunja mikono, akawatazama mmoja mmoja kwa tabasamu. Dakika ikapita. Ya pili ikapita.

"Anangoja nini?" Felicia alimnong'oneza Nora.

"Chai," alisema Nora, natamani kusema alisema kwa ujasiri, lakini alisema akitazama zulia. "Kwetu mwenye jambo zito hatui mzigo mlangoni. Kwanza salamu, pili kikombe, ndipo jambo."

Kiprono alifungua kitabu cha sheria, akapekua mbele na nyuma. "Hakuna ibara ya chai," alimwambia Bibi kwa Kiswahili.

"Mbona buli ni lile pale?" alisema Bibi.

Juu ya mto mwekundu, ndani ya kabati la kioo, lilikaa buli la shaba.

"Bibi, lile haliguswi," Nora alisema. "Ni takatifu."

"Ndani lina nini?"

Kiprono akatafsiri. Ndugu wa Buli wakatazamana. Miaka hamsini wameliapia, wameliimbia, wamelipigia magoti, na hakuna aliyewahi kufunua kifuniko.

"Buli lisilo na chai," alisema Bibi bila ubaya, "ni kofia ya shaba."

Akafungua kapu, akapitisha vitumbua. Wakala wamesimama. Felicia alikula kimoja kwa heshima, cha pili kwa njaa. Kiprono alikula vinne amefumba macho.

Ndipo Bibi akatoa furushi la kitenge, akalifungua mapajani.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi.

Wote waliolijua Vazi la Mwasisi walijua ni jeusi. Kumbe ni la buluu! Buluu ya anga la mwezi wa sita, na kila mguu una mstari wa pasi mkali wa kukata nyanya. Kijana mmoja mwenye ndevu alilisogelea, akalinusa, akaanza kulia.

"Harufu," alisema. "Harufu haipo."

Felicia alikuwa mweupe kama karatasi. Akakichukua kitabu kwa Kiprono.

"Ibara ya tisa. Atakayelifua Vazi la Mwasisi afutwe, na jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba hii."

Bibi hakujua Kiswidi, lakini hukumu haihitaji mkalimani. Akaliweka vazi kitini. Akashika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, goti kwa mkono mwingine, akaanza kushuka. Kwao Kagera mwanamke hapigi magoti kwa kuvunjwa. Hupiga magoti kwa adabu, kumsalimu mkubwa, kumpa mgeni maji, kuomba radhi. Lakini ana miaka sabini na mbili, na magoti yale yalishaanza kazi alfajiri.

"Niliyefua ni mimi," alisema. "Mtoto alikuwa amelala. Nisameheni mimi, yeye mpeni chumba chake."

Nora amewahi kumwona Bibi yake amepiga magoti mbele ya askofu. Amemwona amepiga magoti mbele ya wakwe. Hajawahi kumwona amepiga magoti mbele ya mtu aliyevaa kifuniko cha soda.

Kitu kikakatika ndani yake.

"Bibi, simama! Twende nyumbani. Chumba sikitaki." Akawageukia wenzake, na Kiswidi chake kikatoka moto. "Felicia, futa jina langu. Kalamu si unayo? Lakini kwanza shukeni chini, wote. Kwetu mtoto hasimami juu ya mzee aliyepiga magoti!"

Wa kwanza kushuka alikuwa Kiprono, mkia wa koti ukabaki juu. Akafuata yule wa ndevu. Kisha nishani kumi na saba zikalia kwa pamoja, Felicia naye yuko chini. Mara kumi na mbili kwa mwaka Udugu hupiga magoti, kwa ibara ya sitini, na siku zote hupiga wakibana kicheko. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mwambie ainuke," Felicia alimwambia Nora kwa sauti ndogo, si sauti ya Mkuu wa Buli. "Tafadhali. Sakafu ina baridi."

"Anasemaje?" Bibi aliuliza.

"Anasema sakafu ina baridi, Bibi."

"Ana moyo, huyo," alisema Bibi. "Basi kwa kuwa mko karibu, hebu nisomeeni herufi hizi hapa kwenye kola, macho yangu hayazifikii. Tangu alfajiri nataka kusema na mtu, nanyamazishwa."

Felicia akasogea kwa magoti. Pale kwenye kola, uchafu wa miaka hamsini ulipokuwa umekaa, palikuwa na maandishi ya uzi mwekundu, mshono wa mkono.

"Damian," alisoma. "Chumba cha boila."

"Damian ni nani?" aliuliza wa ndevu.

"Si ndiye mwenye nguo?" alisema Bibi.

Wakamweleza, Kiprono akitafsiri. Kwamba jina la Mwasisi lilipotea. Kwamba alikuwa kijana wa ukoo mkubwa wenye kasri. Kwamba mwaka sabini na sita alizama ziwani akiliokoa Buli, na kila Novemba Udugu humfanyia maombolezo, wakavaa nyeusi, wakalia.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa kusikiliza.

"Huyo aliyezama," alisema, "ni mrefu, mweusi kama mimi, na akicheka utadhani anakohoa?"

"Kwa nini, Bibi?" Nora aliuliza.

"Jumapili mbili zilizopita, baada ya misa ya Kiswahili, alikula vitumbua vyangu sita. Alilalamika mpaka chai ikapoa. Eti zamani wanafunzi walimwibia ovaroli yake na buli lake la shaba. Nikasema moyoni, ni uzee. Alinipa namba ya simu na ya nyumba." Akatoa karatasi ya nyimbo kwenye pochi. "Anakaa Farsta."

Kiprono hakutafsiri mara moja. Ilibidi kwanza akae.

Alipotafsiri, alikichukua tena kitabu kwa Felicia. Kisha akafungua kitabu ukurasa wa kwanza kabisa, ambao hakuna aliyekuwa na haja nao kwa miaka hamsini.

"Ibara ya kwanza," alisoma. "Neno la Mwasisi ndilo la mwisho." Akamtazama Felicia. "Huwezi kumfuta Nora. Yuko anayeweza. Yuko hai, na anakula vitumbua."

*

Walikwenda wanne: Bibi, Nora, Felicia na Kiprono. Kwenye treni ya kijani hakuna aliyeyatazama makoti ya mikia. Stockholm unaweza kupanda na mbuzi aliyefunga tai, watu watatazama simu zao. Lakini mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alimpisha Bibi kiti, naye akashuka kituo cha pili, hatutamwona tena.

"Hodi!" Bibi aliita mlangoni.

"Nani?"

"Dafrosa wa vitumbua! Nimekuletea nguo yako."

Mlango ukafunguka. Mzee Damian alikuwa na sweta lililochanika kiwiko, na miwani juu ya paji la uso. Alimtazama Bibi, akawatazama wale mbayuwayu wawili, halafu macho yakatua kwenye ile buluu.

Aliichukua ovaroli kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Akageuza kola. Akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu.

"Huu mshono ni wa mama yangu," alisema. "Nani kaifua?"

"Mimi," alisema Bibi.

"Umeifua vizuri. Ingieni, baridi inaingia."

Jikoni palikuwa na viti viwili tu. Felicia na Kiprono wakakaa juu ya sanduku, magoti yakiwafika kidevuni. Mzee alizungumza Kiswahili, kisha Kiswidi, ili kila mmoja apate.

"Nililetwa huku kujifunza boila, mitambo ya kupashia nyumba joto, miaka ishirini na mitano nilikuwa nayo. Majira ya baridi yale wanafunzi sita walikuwa hawana pa kujipasha moto saa za mchana. Nikawafungulia chumba changu. Mama mwenye nyumba alikuwa amenipa buli la shaba, nikawachemshia chai. Kila siku saa sita, Novemba mpaka Machi. Siku moja nikatoka kuchukua barua yangu, nikarudi, msumari nilikotundika ovaroli mtupu, jiko tupu."

"Ukapata matatizo kazini?" aliuliza Kiprono.

"Mkubwa aliniandikia onyo. Hilo nililisahau." Akailaza ovaroli mezani, akainyoosha kwa mkono mmoja. "Lakini hawakuja tena. Nadhani waliona haya. Wiki mbili nzima niliendelea kupika chai ya watu saba. Kisha nikaacha."

Buli la jiko lake likaanza kuimba. Bibi akainuka akalitoa mwenyewe, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amegeukia dirishani.

Felicia akakohoa kidogo. Mtu aliyezoea ibara huzishika hata nyumba ikiungua. "Mwasisi, tunaomba neno lako. Nora alikabidhiwa Vazi, likafuliwa. Je, akubaliwe au afutwe?"

Mzee Damian akacheka, na kweli, utadhani anakohoa.

"Wewe nani alikukubali?"

"Walionitangulia."

"Na hao?"

"Waliowatangulia."

"Na wale sita wa kwanza?"

Felicia akamtazama Kiprono, na Kiprono akatazama kitabu.

"Mimi sikuandikisha mtu," alisema Mzee. "Niliwapa chai. Sasa kwa sheria yenu wenyewe, Mwasisi ndiye mwenye neno, na neno hajalitoa. Basi Udugu wenu hauna mwanachama hata mmoja."

Kiprono alipekua kitabu, akitafuta pa kushika. Akakifunga. "Ni kweli," alisema, na ungemtazama vizuri ungeona anazuia kicheko. "Sisi sote ni sifuri."

Sifuri ndilo jina ambalo Udugu humwita kila anayejaribiwa kwa wiki sita. Felicia amelitamka mara elfu. Leo limemkalia mwenyewe, jikoni Farsta, juu ya sanduku. Akaanza kuvua nishani, moja baada ya nyingine, akizipanga mezani. Kifuniko cha soda alikibakiza mwisho, akakifumba kiganjani.

Nora aliona. Ni yeye aliyetembezwa kinyumenyume, angeweza kufurahi, na wengine wenu najua mngefurahi. Akamsogezea sahani ya vitumbua.

"Kula," alimwambia. "Hivi ni vya mwisho."

Mzee Damian alikuwa ameteremsha miwani, anamkazia Felicia macho.

"Pua hiyo naijua. Babu yako ni nani?"

"Ndiye Mwenyekiti wa kwanza wa Udugu," alisema Felicia.

"Huyo! Huyo ndiye aliyekuwa anaomba kijiko cha tatu cha sukari!"

"Mzee," Bibi aliingilia, maana hakusahau kilichomleta, "na mtoto wangu je? Analala kwenye sofa kwa ajili yangu, halafu anadhani sijui. Ile sofa nimeikalia. Ni mbao tupu."

Nora akainama. Alikuwa amesema chumba hakitaki, na alisema kweli. Lakini mgongo nao ulikuwa na neno lake.

"Chumba nitakitolea neno," alisema Mzee Damian, "lakini mbele ya mwenye pua. Mlete babu yako hapa, binti. Jumamosi ijayo."

Felicia akatikisa kichwa.

"Jumamosi ijayo hawezi. Atakuwa ukumbini kwetu. Ni siku ya maombolezo, na yeye ndiye husoma hotuba. Kila mwaka, miaka hamsini."

"Hotuba ya nani?"

"Yako."

Mzee akavua miwani, akaiweka mezani.

"Husema nini?"

Felicia alitazama mikono yake. "Husema alikuwepo. Husema alikuona kwa macho yake ukizama, na kwa neno lako la mwisho ulimwachia yeye Buli."

Bibi Dafrosa akajifunga kanga upya kiunoni. Mzee Damian akavaa tena miwani yake. Kisha akainuka, akaishika ovaroli mabegani, akaipima kifuani. Bado ilimkaa.

"Basi njooni tena Jumamosi, mapema," alisema. "Mje na buli langu. Tutakunywa chai kwanza, halafu tutakwenda wote msibani kwangu."

Wakaaga. Kiprono akamvisha Bibi viatu. Walikuwa wameshafika kwenye ngazi Mzee Damian alipotoka mlangoni, ovaroli mkononi, na sauti yake haikuwa tena ya mtu mwenye neno la mwisho.

"Lakini mtakuja kweli?"